Moto wa Timandra

Kwetu Plataia kila mwanamke alijua kuomba moto. Unaamka, unafukua jivu, unakuta makaa yamekufa, basi unachukua kigae na kwenda kwa jirani. Unasimama mlangoni ukijichekesha, unapewa kaa moja au mawili, unarudi mbio huku unapuliza. Hakuna aibu hapo. Leo kwangu, kesho kwako.

Timandra peke yake ndiye hakuwahi kuomba. Moto wake ulikuwa haujazimika tangu siku alipoolewa, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Ukienda kwake na kigae chako alikupa, tena kwa ukarimu, lakini hakuacha kukuuliza: "Jana uliulazaje?" Ukishamweleza, alitikisa kichwa pole pole kama mganga aliyeletewa mgonjwa amechelewa.

Mwenyewe aliulaza hivi. Jua likishagusa mgongo wa mlima Kitheroni, aliketi kwenye kigoda chake, akatenga makaa. Ya mwaloni aliyasukuma nyuma, ya mzeituni akayaweka katikati, kwa kuwa mzeituni una subira. Jivu alilichekecha mchana, likawa laini kama unga wa shayiri, akalimwaga juu taratibu na kulikandamiza kwa kiganja. Jivu likizidi moto unakosa pumzi. Likipungua unajila wenyewe. Akimaliza aliugusa ukingo wa meko na kumwambia mungu wa kike wa moto wa nyumba, "Lala salama, Hestia. Tutaonana asubuhi." Mikono ya mtu mwingine haikuruhusiwa kukaribia pale.

Moto huo aliletewa na mama yake siku ya harusi, kutoka kijiji cha Hisiai. Timandra alikuwa juu ya gari la nyumbu, uso umefunikwa, ameketi kati ya bwana harusi na rafiki yake, na mama yake akitembea nyuma, mwenge mkono huu na mwenge mkono ule, yote miwili imewashwa kwenye meko ya nyumba aliyozaliwa Timandra. Njia ya Hisiai ina upepo hata siku ambayo majani hayatikisiki. Walipofika penye kona ya machimbo ya mawe, mwenge mmoja ukazimika, pwaa! Rafiki wa bwana harusi akacheka: "Mama mkwe, nusu ya binti yako imebaki njiani!" Mama akasimama. Aliinamisha mwenge mzima kwenye ule uliokufa, ukawaka, akaendelea na safari. Jioni, Timandra alipokwisha kumwagiwa tini kavu na njugu kichwani pale mekoni kwa mumewe, mama yake alimvuta kando akamwambia, "Mwenge mmoja ni wa kuonyesha watu. Wa pili ndio wa kufika."

Mumewe aliitwa Mnasoni, mtu mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Mtoto wao wa kwanza, Dameas, alipozaliwa, Mnasoni alimbeba kuyazunguka meko mbio mbio, kama baba wote wanavyofanya kumtambulisha mtoto kwa moto wa nyumba. Kwenye mzunguko wa mwisho akajikwaa kwenye jiwe la ukingo, kidole cha mguu kikapasuka, akatukana neno ambalo hakupaswa kulitamka mbele ya Hestia. Mtoto hakulia. Wakunga walikaa sana wakicheka. Jiwe lile likabaki na jina, Jiwe la Mnasoni, na hata alipotoka vitani Marathoni mzima kabisa, kidole kile ndicho alichoonyesha watu wakimuuliza kama aliumia. Baadaye alianguka kutoka juu ya mzeituni akitikisa matawi, naye akafa kifo cha mkulima. Alimwacha Timandra na Dameas, na Melito mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusokota sufu.

Miaka ile ilikuwa mizuri, ingawa wakati ule hakuna aliyejua. Ndivyo yalivyo mambo mazuri, hayana kengele shingoni. Asubuhi mji mzima ulinukia moshi wa mzeituni na zaatari ya mlimani. Wanawake walikwenda chemchemi ya Gargafia na mitungi yao, na maji yake yalikuwa baridi hata meno yanalalamika. Dameas alikuwa na tabia yake: mkate wa shayiri ukiwa bado juu ya jiwe la moto alivunja ule ukingo uliokauka na kuukimbiza nje kabla hajapigwa. Timandra alimrushia maneno mpaka mlangoni. Laiti angejua, angemvunjia yeye mwenyewe na kumpa.

Halafu Waajemi wakaja, jeshi kama mchanga, na majirani zetu Wathebe wakiwaonyesha njia kwa adabu zote. Mthebe ni Mthebe. Akiona mwenye nguvu, mkia unaanza kutikisika wenyewe.

Dameas aliingia nyumbani akihema. "Mama, tunahama sasa hivi. Wanawake, watoto na wazee wanavuka kwenda ng'ambo, Peloponesi. Chukua unachoweza kubeba."

Watu walichukua nguo, jibini, vyombo vya shaba, miungu midogo ya udongo. Timandra alichukua chungu kizito kilichojaa jivu, akachagua makaa yake bora akayazika humo kama mayai. Halafu akafunga mabua makavu ya shamari mwitu, maana bua la shamari nje ni gumu na ndani lina nyama nyeupe. Ukitia cheche, nyama ile inaungua polepole safari nzima na ganda halipati hata joto. Ni ujanja wa zamani, wa kabla ya miji.

Jirani yake Kafisia, aliyekuwa amejitwika godoro, alimwona akashika kiuno. "Shoga, watu wanaokoa mali, wewe unaokoa jivu?"

"Niache na jivu langu."

"Moto hauzai moto, Timandra. Huzaa jivu."

"Na godoro lako linazaa nini? Kunguni."

Lakini walipokuwa juu ya Kitheroni mvua iliwanyeshea, mvua ya kuchapa mpaka mifupa, na mioto yote iliyobebwa ikafa. Watoto wakaanza kutetemeka. Timandra akaingia chini ya mwamba, akafungua chungu, akapuliza. Watu wa Plataia wakapanga foleni na vigae vyao. Kafisia alikuwa wa kwanza, godoro linamchuruzika maji mgongoni.

"Naomba moto, dada yangu mpenzi," alisema.

"Jana uliulazaje?" akamuuliza Timandra, na chini ya mwamba ule watu wakacheka, ikawa ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu watoke.

Wenyeji wa kule ng'ambo walikuwa wema, hilo lisemwe. Waliwapa banda la mtu aliyekuwa akipaka sufu rangi. Lakini maji yao yalikuwa na chumvi kwa mbali, na zaatari yao haikunukia kitu. Jioni wanawake walikusanyika kwenye moto wa Timandra na kuitembelea Plataia kwa mdomo. Mtini wa fulani sasa umeiva. Mlango wa fulani ulikuwa unalia ukifunguliwa, naye fulani aliapa kila mwaka kuutia mafuta. Nani anakumbuka yule mbuzi wa kuhani aliyekula shada la maua madhabahuni? Wote walimkumbuka, lakini ilibidi asimuliwe tena.

Masika Dameas alipita kuwaona, ngao mgongoni, ndevu zimejaa. Alikaa kwenye kigoda cha mama yake akachokoa makaa kwa kijiti.

"Acha kuuchokoa, utauchosha," akasema Timandra.

"Mama, nikifumba macho niko nyumbani." Akafumba kweli. "Bado Melito aje aniibie mkate."

"Nani aliyekuwa mwizi wa mkate?" Melito akaruka juu. "Makombo yote kwenye kanzu yako!"

Dameas akacheka, akawabusu, akaenda kujiunga na wenzake. Vita vikubwa vilipiganwa nyumbani kwetu kwenyewe, kwenye mashamba kati ya mji na mto Asopo. Waajemi wakashindwa, tena wakashindwa kabisa. Dameas hakurudi. Walimzika na wenzake pale pale uwandani, ndani ya kilima kimoja cha udongo, na Timandra alipofika, majani membamba ya kijani yalikuwa yameshaanza kuota juu yake.

Nyumba haikuwa na paa. Mlango ulichomwa, mtini ulikatwa, mtungi mkubwa wa zeituni uliozikwa nusu sakafuni walikuwa wameukomba mpaka chini. Chemchemi ya Gargafia walikuwa wameifukia kwa matope na mizoga. Timandra hakulia mbele ya hayo. Alifagia majivu ya watu wengine kutoka mekoni mwake, akayatupa mbali nje ya ukuta. Akalikuta Jiwe la Mnasoni mahali pake, jeusi lakini zima. Ndipo akafungua chungu, akautua moto wake pale ulipotoka, na Melito akamwona akilia huku akipuliza, na machozi yakaingia kwenye makaa, tsss, tsss.

Siku chache zilizofuata zilikuwa nusu furaha. Melito alikuwa ameposwa na kijana Likinos, mwana wa mtunza ng'ombe, mtu mpole asiyejua kusema uongo hata wa adabu. Harusi ingefanywa mara baada ya sadaka kubwa ya ushindi. Timandra alikwisha kuchonga mienge miwili ya msonobari. Jioni aliishika akaitazama, akiwaza njia ya kwenda kwa Likinos na kona zake zote. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa kimeungua. Kimoja tu alichoweza kumpa binti yake kilikuwa ndicho kile kile alichopewa yeye.

Ndipo Eumelo alipokuja. Eumelo alikuwa binamu wa marehemu Mnasoni, amewekwa na wakuu kupitisha amri nyumba kwa nyumba, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba na hakufaa kubeba mawe.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo. Kaa, usisimame kama nguzo ya kaburi."

Hakukaa. "Nimeleta neno la mungu wa Delfi. Wakuu walimuuliza sadaka itolewe namna gani. Amesema Waajemi wameinajisi mioto ya nchi hii. Kabla ya kuchinja, mioto yote izimwe. Moto safi utatoka Delfi, kwenye meko yake mwenyewe. Mkimbiaji ameshaondoka."

"Vyema sana. Waizime," Timandra akasema. "Wangu haukuwepo."

"Haukuwepo wapi?"

"Hapa! Mwajemi anakanyaga Plataia, moto wangu uko ng'ambo, chunguni, mapajani mwangu. Hakuuona, hakuunusa, hakuchoma nao hata sungura. Utanajisika vipi?"

Eumelo akajikuna shingo. "Mungu amesema yote, shemeji."

"Labda hawakumwambia habari za wangu."

"Mungu wa Delfi asijue?"

"Ana mengi, maskini. Kila siku watu wanamuuliza mbuzi wao wamepotelea wapi."

Melito, aliyekuwa akisokota sufu pembeni, aliuma midomo asicheke. Eumelo hakucheka. "Timandra, ukibaki moto mmoja, sadaka ya mji mzima imeharibika. Kesho kabla jua halijafika utosini nitapita na ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya maji."

"Eumelo mwana wa Teleta, ukimwaga maji juu ya moto wa mama yangu, nitakukimbiza mimi mpaka Delfi kwa miguu yako hiyo hiyo."

Eumelo akaondoka akichechemea. Timandra aliulaza moto jioni ile bila kumwambia Hestia lala salama.

Asubuhi alifanya jambo ambalo hakupanga kulifanya. Alichukua chungu, akazika makaa yake bora ndani ya jivu, akakishusha ndani ya ule mtungi mkubwa mtupu uliozikwa sakafuni, akaufunika kwa jiwe bapa na kutupia ngozi ya mbuzi juu. Kisha akayatawanya makaa yaliyobaki mekoni mpaka yakafa. Eumelo alipokuja na ndoo yake alikuta meko yamepoa. Akatia mkono, akamtazama Timandra, akaitazama ile ngozi ya mbuzi, akavuta pumzi ndefu puani. Ndoo yake ilikuwa bado imejaa.

"Ahsante, shemeji," akasema, akatoka upesi upesi kama mtu anayeogopa kuambiwa kitu.

Melito akaingia na kuni. Akasimama. "Mama, mtungi unatoa moshi."

"Ni vumbi."

"Vumbi linanukia mzeituni?"

Timandra akaketi juu ya ile ngozi, akaeneza nguo yake vizuri. "Mimi nakutunzia wewe. Mwenge wako utawashwa na nini?"

"Na moto wa Delfi, kama wa watu wote."

"Moto wa watu wote!" Timandra akafyonya. "Moto wa watu wote ni kama mbuzi wa watu wote, hufa kwa kiu. Huu ni wa mama yangu, na wa mama yake. Huu ndio kaka yako alibebwa kuuzunguka. Hakuna kingine hapa duniani kilichomjua Dameas akiwa na siku chache. Mimi nao tu."

Melito akatua kuni. Hakuwa msichana wa kelele. Alipozungumza alitazama mikono yake.

"Sadaka inachinjwa wapi, mama?"

Timandra akaisawazisha ngozi chini yake.

"Inachinjwa kwenye kilima chao. Mungu akiikataa, ataikataa pale, juu ya kichwa chake Dameas. Wewe ndiye utakayekuwa umeiharibu." Akajipangusa gome la kuni viganjani. "Na huo ukinipa, niufanye nini? Tangu nizaliwe hujaniachia niulaze hata jioni moja. Nikinyoosha mkono kwenye jivu, unaupiga. Nikifika kwa Likinos utazimika siku hiyo hiyo, nami nitakuwa mwanamke aliyeua moto wa bibi yake."

Timandra akaitazama mikono ya binti yake. Ilikuwa kweli. Mama yake mwenyewe alimfundisha angali mdogo, mkono juu ya mkono, mpaka akaweza kuulaza moto akiwa amefumba macho. Yeye alikuwa ameushika moto ule hata hakumwachia mwenziwe nafasi ya kuungua vidole.

Akaikusanya nguo yake. Kisha akainuka, akaiondoa ngozi.

"Nishikie upande ule," akasema. "Polepole. Na ulete unga."

Walipokuwa wanatoka, Kafisia aliwaona kutoka ukuta wa jirani, akaona chungu, akaona uso wa Timandra, na mzaha aliokuwa ameuandaa ukamkwama.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa Dameas. Nakwenda kuuzika," akasema Timandra.

Kafisia akaelewa. "Moto wa msiba hauzimwi kwa maji," akasema. "Una divai?"

"Nitaitoa wapi divai, shoga? Nani ana divai katika mji huu?"

Kafisia akatazama kulia na kushoto, akaenda chini ya kisiki cha mtini wake, akafukua kwa mikono kama mbwa, akatoa kibuyu kilichozibwa kwa lami. "Nilikizika kabla hatujakimbia. Nilikuwa nangoja mtu aniudhi kidogo ndipo nimnyime. Twendeni."

Njiani wakakutana na Eumelo na ndoo yake. Chungu kilikuwa kinafuka moshi, hakuna namna ya kukificha. Eumelo akageuka akatazama mlima Kitheroni kwa makini mno, kana kwamba ndiyo kwanza umewekwa pale, mpaka wanawake watatu wakapita.

Kilimani Timandra alipanga mawe, akawasha moto wake kwa vijiti vya mzeituni. Akaukanda unga, akaoka mkate mwembamba juu ya jiwe. Ulipoanza kukauka pembeni akavunja ule ukingo, wote, kuuzunguka mkate mzima, akauweka juu ya udongo.

"Kula, mwizi wangu," akasema. "Leo sikufukuzi."

Kafisia akageuza uso. Melito alikuwa amepiga magoti, amekumbatia magoti ya mama yake.

Jua lilikuwa karibu kufika utosini. Timandra akachukua kile kibuyu, akaimwaga divai kidogo kidogo, kuanzia pembeni hadi katikati, kama tunavyozima moto wa maiti wetu. Harufu tamu ikapanda. Kaa la mwisho lilikuwa la mzeituni. Lilikaa jekundu muda mrefu, likakodoa, kisha likafumba.

Timandra akangoja jivu lipoe, akalikusanya lote kwa viganja, akalirudisha chunguni.

"Hilo la nini tena?" akauliza Kafisia. "Si umeambiwa mioto yote?"

"Mioto, ndiyo. Jivu hawakulitaja."

Siku ile Plataia haikuwa na moshi hata mmoja. Ukimya wake ulikuwa wa ajabu, mji kama mtu aliyeshikilia pumzi. Kisha, jua likiwa bado halijazama, kelele zikatoka upande wa barabara: umefika! Habari za mkimbiaji wanazisimulia wanaume, na wanazisimulia vizuri. Wanawake tulikuwa tunatafuta vigae.

Timandra hakuwa na kigae. Hakuwahi kukihitaji. Akaokota kipande cha mtungi wa maji aliouvunja Mwajemi, akajipanga kwenye foleni mbele ya madhabahu ya mji, kichwa juu, shingo imenyooka. Foleni ilipofika kwake ikatulia. Kila aliyewahi kuulizwa "jana uliulazaje" alikuwa amekaza masikio.

"Na... naomba moto," akasema Timandra.

"Sema kwa sauti, shoga, huku nyuma hatusikii!" Kafisia akapaza.

Timandra akageuka. "NAOMBA MOTO!" akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka huku machozi yanamtoka, akapewa kaa lake.

Jioni aliketi mbali na meko, mikono ameikalia. Melito ndiye aliyekuwa kigodani. Alitenga makaa, akaingiza mkono katika chungu cha jivu la zamani, akalimwaga juu ya moto mpya.

"Limezidi hapo kushoto."

"Mama."

"Nimenyamaza."

Melito akakandamiza kwa kiganja, akarudi nyuma akatazama. Akaugusa ukingo, juu ya Jiwe la Mnasoni, akasema maneno yale. Timandra aliondoa mkono mmoja chini yake, akasogea, akauweka juu ya mkono wa binti yake, akaurudisha jivuni, akaukandamiza kidogo tu, kushoto.

Asubuhi moto ulikuwa hai.

Siku ya harusi Timandra alitembea nyuma ya gari, mwenge mkono huu na mwenge mkono ule. Kulikuwa na upepo, ndiyo, na mmoja ulizimika, na rafiki wa bwana harusi alisema mzaha wake, maana marafiki wa mabwana harusi ni wale wale tangu dunia ianze. Timandra aliinamisha mwenge mzima kwenye uliokufa, akaendelea na safari. Mlangoni kwa Likinos alimkabidhi Melito moto, na pamoja nao kifurushi cha jivu kilichofungwa katika kitambaa.

Siku ya pili yake, kulipokucha, Melito alisikia hodi. Akafungua mlango. Mama yake alikuwa amesimama nje, upepo unamchezea shela, mkononi ana kile kigae cha mtungi uliovunjwa.

"Mwanangu," akasema Timandra, "naomba moto."

"Wako umezimika, mama?"

"Umezimika."

Kafisia, ambaye nyumba yake na ya Timandra zilikuwa ukuta kwa ukuta, alishaona moshi ukipanda kwa Timandra tangu alfajiri. Lakini Kafisia, kwa mara moja katika maisha yake, hakusema kitu.

Melito alimtazama mama yake, akatabasamu, akashika kiuno.

"Karibu ndani," akasema. "Jana uliulazaje?"